Picha Inaonyesha Sura, Kanuni Uiseme Wewe

Habari za mchana, ndugu zangu. Nafurahi kuona wabunifu na wasanidi wa programu mmekaa pamoja, maana jambo la leo linawahusu nyote.

Zana nyingi za kubuni zenye akili mnemba sasa zinapokea picha pamoja na maneno. Ukiandika tu “nitengenezee ukurasa wa kuomba mkopo”, utapata ukurasa unaopendeza lakini usiofanana na programu yako. Ukiambatanisha skrinishoti, yaani picha ya skrini, zana inaona rangi, ukubwa wa maandishi na nafasi kati ya vitu, kisha inafuata. Ila picha haisemi kipi ni kanuni na kipi kimetokea tu. Kama kitufe kimoja kilisogea kwa bahati mbaya toleo lililopita, zana itakichukua kama sheria.

Tuchukulie mna programu ya kikoba. Ina ukurasa wa nyumbani, orodha ya michango na fomu ya mkopo. Mnataka ukurasa mpya wa kuchagua wadhamini. Mpeleke picha zipi?

Fomu ya mkopo iwe ya kwanza, kwa sababu ndiyo jirani wa ukurasa mpya. Kisha orodha, kwa kuwa wadhamini nao watapangwa kwa orodha. Nyumbani inatosha kuonyesha rangi na menyu ya chini. Halafu ongezeni hali ambazo watu husahau: fomu ikiwa na kosa jekundu chini ya kisanduku, orodha ikiwa tupu, kibodi ikiwa imefunguka na kufunika nusu ya skrini. Bila hizo, zana itajibunia ujumbe wa kosa wenye mtindo wake. Picha nne hadi sita zinatosha. Msichanganye toleo la zamani na jipya, maana mtapewa kitu cha katikati kisicho cha popote.

Sasa vipimo, na hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu ndipo panapoharibika zaidi. Simu nyingi za Android zina skrini yenye upana wa vipimo 360 vya usanifu, yaani vile mnavyovitumia kupanga ukurasa, lakini skrinishoti yake inatoka na pikseli (nukta za picha) 1,080. Ni mara tatu. Kitufe chenye kimo cha 48 kinaonekana kwenye picha kikiwa na pikseli 144, na maandishi ya 14 yanakuwa 42. Zana isipoambiwa, inaweza kuwaletea kitufe kikubwa kama mlango. Basi andikeni wazi: “Picha hii ni mara tatu, upana halisi ni 360.”

Kosa la pili la vipimo ni picha ndefu ya kushuka ukurasa mzima. Mathalani ina pikseli 1,080 kwa 9,000. Zana nyingi hupunguza picha kubwa kabla ya kuisoma. Ikipunguza upande mrefu hadi 1,500, imegawanya kwa sita: upana unabaki 180, na maandishi yale ya 42 yanabaki na pikseli 7. Hayasomeki, kwa hiyo zana inakisia maneno. Zaidi ya hayo, kichwa kinachoganda juu huweza kujirudia katikati ya picha, nanyi mkaletewa ukurasa wenye vichwa vitatu. Kateni vipande vya skrini moja moja, kila kimoja kikirudia kidogo mwisho wa kilichotangulia.

Hifadhini kwa PNG, aina ya faili isiyopoteza ubora wa picha. JPEG hutia ukungu kwenye kingo za herufi na kubadilisha rangi kidogo. Mkitumiana picha kwa WhatsApp, tumeni kama dokumenti, vinginevyo inabanwa. Na hata picha ikiwa safi, msiiachie zana ikisie rangi: pikseli za pembeni mwa herufi ni mchanganyiko wa rangi mbili. Iandikieni namba ya rangi, jina la fonti na mviringo wa pembe. Kateni pia ule mstari wa juu wenye saa na betri, kwani zana huweza kuuchora kama sehemu ya programu.

Kuna hili la siri za watu, na sitaki tulipite haraka. Skrinishoti ya kikoba ina majina, namba za simu na salio la mtu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina yake ya 2019. Kutia ukungu hakutoshi, na hata kukata hakukutosha wakati mmoja: mwaka 2023 iligundulika kwamba zana ya kuhariri picha kwenye simu za Google Pixel iliacha ndani ya faili sehemu ya picha iliyokatwa, na watu wakaweza kuirudisha. Kasoro ilirekebishwa, lakini hilo halikuziponya picha zilizokwisha kusambazwa. Njia salama ni toleo la majaribio lenye majina na namba za kubuni tangu mwanzo. Toleo hilo linawasaidia pia pale programu ya fedha inapozuia skrinishoti na kuwapa weusi mtupu. Msiipige picha skrini kwa simu nyingine; mtapata mistari ya mawimbi na pembe zilizopinda.

Data hizo za kubuni ziwe za Kiswahili na ziwe ndefu. “Save” ina herufi nne, “Hifadhi” saba. Wekeni jina la mtu lenye sehemu tatu na kiasi cha mamilioni, ili zana ione mstari ukijaa.

Kabla ya kuomba ukurasa, iombeni zana ieleze inachokiona: rangi gani, nafasi ngapi, vitufe vya aina gani. Sahihisheni hapo, ni rahisi kuliko kusahihisha mchoro. Kisha chini ya kila picha andikeni sentensi mbili: cha kufuata na cha kuacha. “Fuata visanduku na nafasi ya 16 kati yake. Acha bango la njano, linaondolewa.”

Mchoro ukija, uwekeni juu ya skrinishoti ya fomu ya mkopo, mpunguze uzito wa rangi zake hadi asilimia 50 ili cha chini kionekane. Kichwa, pambizo na kitufe cha chini vikikaa juu ya vile vya zamani, endeleeni na wadhamini. Visipokaa, angalieni kwanza kama mliandika “mara tatu”.