Doti moja ya merikani: historia ya dunia kwa vijana wetu wa sekondari

Shikamooni wakubwa zangu. Walimu wenzangu, wazazi, na ninyi wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita mliokuja Jumamosi yenu ya mapumziko, nawashukuru.

Nimekuja na kitambaa. Ni merikani, ile nguo ya pamba isiyotiwa rangi ambayo bibi zetu waliijua vizuri. Mmeniuliza kijana wa sekondari ajifunze nini katika historia ya dunia. Naomba nijibu kwa kitambaa hiki.

Nilipokuwa kidato cha tano nilikariri sababu za Mapinduzi ya Viwanda, ya kwanza hadi ya nane. Niliziandika kwenye mtihani, nikafaulu, na mwaka haukuisha zikanitoka kichwani. Kusahau hakukuniuma. Kilichoniuma baadaye ni kugundua kwamba nilifundishwa viwanda vile kana kwamba vilikuwa mwezini, kumbe nguo za viwandani zilivaliwa Unyanyembe, kule Tabora, kabla Mjerumani hajakanyaga huku.

Sikilizeni jina lenyewe: merikani. Mwaka 1833 Seyyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar, alitiliana saini na Marekani mkataba wa biashara kupitia mjumbe wao, Edmund Roberts. Waingereza walikuja kupata mkataba wa namna hiyo mwaka 1839. Mwaka 1837 Richard Waters, mfanyabiashara wa Salem, Massachusetts, akafika Unguja kuwa konseli, yaani mwakilishi wa serikali, wa kwanza wa Marekani. Meli za Salem zilileta nguo zilizofumwa katika viwanda vya jimbo lao, zikarudi na pembe za ndovu na sandarusi, ule utomvu mgumu wa mti. Watu wa pwani wakaiita nguo ile kwa jina la nchi ya wageni hao.

Kutoka Bagamoyo iliingia bara mabegani mwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, hadi Tabora, hadi Ujiji. Huko njiani nguo ndiyo ilikuwa fedha. Ilipimwa kwa mkono, yaani kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Mikono minne ni shuka, mikono minane ni doti. Akina mama mliokaa hapa mbele, mkienda dukani kununua khanga bado mnaomba doti. Machifu walilipwa kwa nguo hiyo ushuru wa kupita katika nchi zao, na ushuru huo uliitwa hongo. Neno hilo leo mnalijua kwa maana nyingine, na safari yake peke yake inatosha kipindi kizima.

Na pembe zilikwenda wapi? Nyingi zilifika Connecticut, katika miji midogo ya Deep River na Ivoryton. Huko zilichanwa vibao vyembamba vya kubandikwa kwenye vitufe vya piano. Ndovu anaanguka bara ya Tanganyika, binti wa Boston anajifunza muziki jioni sebuleni kwao.

Sasa nawaomba mtulie, maana hapa ndipo moyo wa somo ulipo. Pamba ya nguo hii ililimwa na nani? Ililimwa kusini mwa Marekani na watumwa weusi. Ilipofika mwaka 1860, nchi ile ilikuwa na watumwa karibu milioni 4. Waters mwenyewe alikuwa Mkristo mwenye msimamo, na shajara yake inaonyesha alivyochukizwa na utumwa aliouona katika pwani yetu. Lakini riziki yake ilitokana na nguo iliyoanzia mikononi mwa watumwa wa kwao. Na sisi tusijifiche: karafuu za Unguja na Pemba zililimwa na watumwa, na njia zilizopandisha nguo bara ndizo zilizoteremsha watu waliofungwa minyororo. Kijana akikaa hapo, akamtazama mtu anayechukia uovu huku akila matunda yake, atakuwa amejifunza kitu ambacho orodha ya sababu nane haiwezi kumpa.

Uzi unaendelea. Mwaka 1861 Wamarekani wakaanza kupigana wenyewe kwa wenyewe. Serikali ya kaskazini ikafunga bandari za kusini, pamba ikaadimika. Viwanda vya Lancashire, Uingereza, vikasimama na wafanyakazi wake wakalala njaa. Misri na India wakaongeza mashamba. Unguja, merikani ikawa adimu na bei ikapanda. Ulaya ikajifunza kwamba kutegemea pamba ya mtu mmoja ni hatari, na somo hilo walilikumbuka walipogawana Afrika. Wajerumani walitaka pamba ya koloni lao wenyewe. Mwaka 1901 walipeleka Togo wataalamu weusi kutoka Tuskegee, Alabama, chuo cha Booker T. Washington, mtu aliyezaliwa mtumwa, ili wakawafundishe wenyeji kilimo cha pamba. Huku kwetu nako walitaka pamba. Tangu 1902 watu wa kusini walilazimishwa kulima mashamba ya pamba ya pamoja chini ya maakida na majumbe, wale wasimamizi wa serikali ya Wajerumani. Julai 1905, Nandete, katika milima ya Matumbi, watu wakaing'oa pamba hiyo, na vita vya Maji Maji vikaanza.

Walimu, mnaona tulipofika. Vita vya Maji Maji tunavifundisha kwenye historia ya Tanzania, vita vya Marekani kwenye historia ya dunia, na viwanda kwenye mada ya ubepari. Mwanafunzi anabeba madaftari matatu, na hakuna anayemwambia kuwa yameshonwa kwa pamba moja.

Jambo jingine ninalolipigania ni swali fupi: umejuaje? Kwa muda mrefu habari za Maji Maji zilitoka zaidi katika majalada ya Wajerumani. Mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam walitumwa vijijini, wakakaa na wazee waliokumbuka vita ile, wakaandika walichoambiwa. Mengi tunayoyajua leo yalitoka vinywani mwa wazee hao. Sasa chukueni idadi ya waliokufa. Serikali ya Ujerumani ilisema 75,000. Mwanahistoria wetu Gilbert Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Msimwambie kijana akariri mojawapo. Mwulizeni nani alihesabu, alisimama wapi akihesabu, na je, mtoto aliyekufa njaa baada ya askari kuchoma ghala la mtama alihesabiwa? Atakayezoea kuuliza hivyo atauliza pia habari anayotumiwa kwenye simu yake.

Najua mtaniambia habari ya mtihani, na mna haki. Nimefundisha kwa njia hii, na mtahini akiuliza uhusiano wa viwanda na ukoloni, mwanafunzi aliyeufuata uzi huu ana la kuandika. Muda utapatikana tukipunguza majina ya mikutano ya wafalme wa Ulaya, ambayo mengine sijawahi kuona faida yake.

Ila nisieleweke vibaya. Yapo mambo ambayo uzi wetu hauyafikii, na bado yafundishwe kwa uzito wake. Watumwa wa Haiti walisimama mwaka 1791 na kufikia 1804 wakawa na nchi yao. Wayahudi milioni 6 waliuawa na dola ya Wanazi wa Ujerumani, iliyokuwa na shule nzuri, mahakama na ratiba za treni. Hayo ni ya binadamu wote.

Kitambaa hiki nakipitisha sasa, kuanzia mstari wa mbele. Kishikeni kila mmoja. Wanafunzi wataanza maswali, sisi wakubwa tutafuata.