Nani Atanunua Chaki?

Itifaki imezingatiwa, na wazee wangu nimewaamkia pale mlangoni, kwa hiyo nianze. Mwenyekiti ameniomba niwaeleze jinsi wenzetu wa Afrika Magharibi walioko ughaibuni wanavyojenga kwao, ili chama chenu kipate moyo wa kujenga shule nyumbani. Moyo mnao. Ramani ya shule nimeiona hapo ukutani, nzuri, hadi mlingoti wa bendera umo. Kwenye bajeti nimetafuta chaki, sikuiona.

Naona walionisikia siku za nyuma wanacheka. Wanajua ninakokwenda, na ndiko ninakokwenda.

Ni kwa Wasoninke, watu wa mkoa wa Kayes, magharibi mwa Mali. Hawa kusafiri hawakuanza jana. Babu zao walikuwa mabaharia kwenye vyombo vya Wafaransa katika Mto Senegal, wengine wakaenda kulima karanga Senegal na Gambia. Miaka ya 1960 vijana wakavuka hadi Ufaransa, wakaingia viwandani na kwenye kufagia barabara za Paris. Ukame wa mwanzoni mwa miaka ya 1970 ukawasukuma wengine wengi, na mwaka 1974 Ufaransa ikafunga mlango wa vibarua. Waliokuwa ndani wakabaki kwenye mabweni ya wafanyakazi kama lile la mtaa wa Bara, mjini Montreuil, ubavuni mwa Paris: kitanda juu ya kitanda, na jiko la wote.

Kila kijiji kilikuwa na mfuko wake humo bwenini. Sina haja ya kuwafundisha maana ya mfuko, nyinyi nyote mna vyama vya kufa na kuzikana. Mtu akifa, mwili urudi nyumbani. Akiugua, asilale njaa. Pesa ikibaki, msikiti. Baada ya msikiti, zahanati, kisima, shule. Hadi mwaka 1981 mgeni nchini Ufaransa alihitaji kibali maalumu ndipo aunde chama. Oktoba mwaka huo sharti hilo likafutwa, na fedha zilizokuwa kwenye sanduku chini ya kitanda zikapata akaunti, mhuri na barua zenye nembo. Mwaka 1985 mji wa Montreuil ukaanza ushirikiano na Yélimané, kaskazini-mashariki ya Kayes, karibu na mpaka wa Mauritania. Kwa miaka mingi huko, mfuko wa Paris ndio uliokuwa serikali.

Basi. Nilikaa Montreuil miaka 9, na Jumapili moja nikakaribishwa kwenye kikao cha kijiji kimoja ambacho jina lake nalihifadhi. Mweka hazina alikuwa mzee anayesafisha ofisi usiku. Mchana huo amevaa kanzu yao ile pana, imepigwa pasi hadi inakaribia kusimama yenyewe. Daftari lake la hesabu, la mirabamraba, jalada lilikuwa limechanika na kuzibwa kwa plasta ya vidonda. Majina kushoto, miezi juu. Asiyelipa anachorewa duara. Msidharau duara lile: yakifika matatu, simu inapigwa kijijini, na baba yako anaambiwa mbele ya watu kwamba mwanawe amekuwa mtu wa kuhesabiwa maduara. Sijawahi kuona benki yenye nguvu namna hiyo.

Siku hiyo kulikuwa na shangwe. Picha zimefika: madarasa 3, bati la bluu, madawati mapya, mgeni rasmi na mkasi wake, utepe, akina mama wakipiga vigelegele. Simu ikazunguka mkono kwa mkono hadi chaji ikaisha.

Mwaka uliofuata nikaenda mwenyewe. Kutoka Bamako, mji mkuu wa Mali, hadi Kayes ni kama kilomita 600, na joto la Kayes, ndugu zangu wa Tanga mnaolalamika Januari, mngeomba radhi. Nikaifikia shule. Bati la bluu lipo. Nikafungua mlango wa darasa la pili nikakuta mbuzi. Sisemi mbuzi mmoja aliyepotea njia. Mbuzi waliopangika, kila mmoja anajua mahali pake, wakanitazama kama mwanafunzi aliyechelewa. Ubaoni tarehe bado inasomeka, kwa ule mwandiko wa kialimu unaolala kidogo kulia: ni ya miezi 5 nyuma.

Mwalimu alikuwa kijana wa kijiji cha jirani. Mshahara wake walichanga wazazi. Mvua ilipokosekana, wazazi wakakosa, naye akavumilia miezi 2. Halafu akafuata njia ileile ya watu waliomjengea darasa. Mara ya mwisho kusikika alikuwa Nouadhibou, pwani ya Mauritania, akitafuta mashua.

Nikarudi Montreuil kichwa kinaniwaka. Nikamkuta mzee wangu na daftari lake, nikamsimulia yote, na mbuzi sikuwaacha. Akanishika mkono, akaniambia nisiwe na wasiwasi, habari za mbuzi wanazo, na tayari wameanza kuchanga pesa za ukuta.

Cheka, lakini ramani yenu pale ina ukuta. Nimeuona.

Mtasema mwalimu ni kazi ya serikali. Sawa, mliiuliza serikali lini? Nchini Mali halmashauri za kuchaguliwa zilienea hadi vijijini mwaka 1999, na shule ya msingi, zahanati na maji viko mikononi mwao. Vikundi vingi vya ughaibuni vilichelewa kulikubali hilo. Meya ni kijana aliyebaki nyumbani. Wanamwona ameshindwa safari, iweje awape amri? Kwa hiyo wanajenga wanapotaka wao, yeye anaarifiwa siku ya utepe. Sasa shule isiyo kwenye mpango wa halmashauri itapangiwaje mwalimu?

Mwingine atasema kulipa mishahara ni mkia usiokatika. Ndiyo. Shule ndivyo ilivyo! Jengo unalipia mara moja na kupiga picha. Mwalimu analipwa kila mwezi, na pampu ya kisima inataka mpira mpya wa ndani kila ukilika, na chaki, nimeshasema.

Kuna waliolitazama jambo hili kwa upande mwingine. Mwaka 1977 wafanyakazi 14 waliotoka Ufaransa, baada ya kwenda kwanza kujifunza kilimo kwenye mashamba ya Wafaransa wenyewe, walikwenda ukingoni mwa Mto Senegal jirani na Kayes wakaanzisha ushirika wa kilimo cha umwagiliaji, Somankidi Coura. Mmoja wao, marehemu Bouba Touré, alikuwa mpiga picha, na picha alizotuachia zinaonyesha watu wameinama na majembe. Walianza na shamba, kwa sababu mzazi mwenye mavuno hangoji Paris ndipo amlipe mwalimu. Nilitaka kulizungumza hili kwa kirefu, lakini mbuzi wamekula muda wangu.

Haraka haraka, basi. Ada za kutuma pesa: shabaha ya Umoja wa Mataifa ni zisizidi asilimia 3 ifikapo 2030, na kusini mwa Sahara bado tunakatwa zaidi ya mara mbili ya hapo. Hesabuni ni madaftari mangapi.

Pili, na hili ni zito: ulizeni nani anakaa wapi kwenye kikao. Kule Kayes kuna familia zinazoitwa za watumwa hadi leo, kwa sababu ya babu wa babu. Bwenini wao ndio waliopika, wengine wakaamua. Walipokataa, vijana wa ughaibuni wakiwa mbele katika Gambana, vuguvugu la kupinga utumwa huo wa kurithi, familia zao vijijini zilinyimwa maji na maduka, wengine wakafukuzwa. Kisima kilichojengwa kwa mchango wao pia! Nyinyi mna ya kwenu, msiniangalie hivyo.

Tatu, usalama. Julai 2025 mji wa Kayes ulishambuliwa, na mwishoni mwa Oktoba mwaka huohuo shule zote za Mali zilifungwa kwa wiki 2 kwa kukosa mafuta. Hapo hata mimi sina jibu la chaki.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nipokee maswali, ila anayetaka kuuliza rangi ya bati aketi kwanza, tumsikilize mweka hazina.