Punje na Gunia: Majina ya Vipande vya Maandishi

Walimu wenzangu, wanafunzi wangu, asalaam aleikum na hamjambo nyote.

Mliniomba nizungumzie istilahi za fasihi. Nimechagua chache tu, zile tunazotumia kuviita vipande tunavyovitoa katika kazi ndefu: dondoo, nukuu, aya, ubeti. Nimezitumia darasani miaka mingi, dondoo na nukuu nikizichanganya kana kwamba ni neno moja, hadi mwanafunzi mmoja aliponiuliza: "Mwalimu, kwani dondoo hasa ni nini?" Nikamjibu ni maneno yaliyotolewa kitabuni. Yeye aliridhika, mimi sikuridhika.

Kudondoa, jamani, ni kuokota kimoja kimoja. Kuku akiwa uani anadondoa. Mama aliyeketi na ungo, akitoa chuya katika mchele, anadondoa. Kwa hiyo dondoo ni punje, na punje haijiokoti. Kuna mtu aliyeinama, akaichagua hiyo, nyingine akaziacha palepale.

Nukuu ina asili nyingine. Imetoka katika Kiarabu, shina lile lile lililotupa nakili, na maana yake ya kwanza ni kuhamisha kitu kutoka hapa kukipeleka pale. Hiyo ni kazi ya hamali. Gunia alilotwishwa bandarini ndilo atakalolitua dukani, halijapungua kibaba wala halijaongezwa mchanga.

Basi mwenye kunukuu anaulizwa: maneno umeyafikisha kama yalivyo? Mwenye kudondoa anaulizwa swali gumu zaidi: kwa nini umeokota haya, na umeacha nini? Mtu anaweza kunukuu bila kukosea herufi moja, na bado akawa amedondoa kwa dhuluma. Hilo ndilo lililonileta hapa leo.

Waliosoma chuo cha Kurani wanaukumbuka mfano wa Suratul Maun. Aya ya nne inasema, ole wao wanaosali. Hiyo ni aya kamili, ina mwanzo na mwisho wake. Mtu akisimama hapo, amenukuu sawasawa, lakini amewatisha watu waache sala. Ni aya ya tano inayosema ni wanaosali gani: wale wanaopuuza sala zao. Kwa hiyo hata kipande kilichokatwa na mwenye maneno mwenyewe hakitoshi kusimama peke yake. Tena sisi shuleni tumelichukua neno hilo aya tukaliita kila fungu la insha, tukasahau kuwa kwa Kiarabu ni ishara. Ishara humwelekeza mtu mahali.

Na ubeti? Bayt ni nyumba. Katika ushairi wa Kiarabu, bayt ni mstari mmoja wenye nusu mbili, na kila nusu huitwa misraa, yaani upande mmoja wa mlango unaofunguka pande mbili, kama milango ya Lamu. Sisi tumeipanua nyumba hiyo. Ubeti wa utendi, yaani shairi refu la masimulizi au mafunzo, una vipande vinne vya mizani, yaani silabi, nane nane, na katika miswada mingi ya zamani ya hati za Kiarabu vyote vinne vimeandikwa katika mstari mmoja. Mimi napenda sana kwamba wazee waliliacha jina la nyumba hapo. Nyumba ina majirani.

Sasa mtazameni Mwana Kupona, mama wa kisiwa cha Pate aliyetunga utendi wake mwaka 1858 kwa ajili ya bintiye. Beti zinazodondolewa kila mara ni zile za namna ya kumtumikia mume. Zinasomwa harusini, na wengine huzileta kwenye mijadala kumshutumu mtunzi. Maneno ni yake, hakuna aliyeyageuza. Lakini ubeti wa pili unasema hivi:

Maradhi yamenishika
hata yametimu mwaka
sikupata kutamka
neno lema kukwambia.

Mwaka mzima yuko kitandani. Mume wake, Bwana Mataka, mtawala wa mji wa Siyu, amekwisha kufariki. Anayesema si bibi arusi wala mshenga. Ni mjane mgonjwa aliyekosa nguvu za kumpa mwanawe neno jema, na sasa amezipata kidogo. Baada ya nasaha inakuja dua ndefu, akiwaombea wanawe na kujiombea afya. Alifariki miaka michache baadaye. Ukizisoma beti za mume baada ya kuyajua haya, huenda bado usikubaliane nazo. Hiyo ni haki yako. Lakini sauti utakayoisikia ni nyingine kabisa.

Ndiyo maana huwa nasononeka nikisahihisha karatasi za fasihi. Swali linasema: eleza muktadha wa dondoo hili, alama nne. Mwanafunzi anaandika msemaji, msemewa, mahali, sababu, kila moja alama yake, anasonga mbele. Simlaumu yeye, ndivyo tulivyomzoesha. Lakini hayo manne ni kama kutaja mtaa, barabara na namba ya nyumba bila kubisha hodi. Muktadha ni kile kilichoachwa ungoni.

Ombi langu kwa walimu: mkitoa dondoo darasani, someni kwa sauti ukurasa uliotangulia na unaofuata, hata kama kengele itatukatiza. Waulizeni wanafunzi wangeokota punje ipi wao wenyewe, na kwa nini. Mimi nilianza kufanya hivyo kwa kidato cha tatu, na hugombana vizuri, kila mmoja akitetea ubeti wake kwa kutaja zilizouzunguka.

Nimeleta nakala za utendi wenyewe, zipo pale mezani karibu na mlango. Kabla ya maswali, naomba msichana mmoja na mvulana mmoja waje mbele watusomee, kuanzia ubeti wa kwanza.