Gesi Badala ya Ayodini Tunapofungua Ateri za Miguu

Ndugu madaktari, wauguzi na wataalamu wa mionzi, habari ya kisukari, kidonda kisichopona na mguu unaoelekea kukatwa mnaijua; sitairudia. Mgonjwa huyo mara nyingi figo zake nazo zimechoka, nasi tunammiminia ayodini, dawa ya kuonyesha mishipa kwenye eksirei inayoweza kuumiza figo, ili tuone ateri ilipoziba. Kabonidioksidi ipo. Haidhuru figo. Inasukuma damu kando, mashine inapiga picha, kisha gesi inayeyuka kwenye damu na kutoka kwa pumzi.

"Gesi mshipani si itamuua?" Swali hili haliishi. Kinachoua ni hewa ya kawaida, ambayo sehemu kubwa ni nitrojeni, nayo haiyeyuki upesi. Kabonidioksidi huyeyuka zaidi ya mara 20 kuliko oksijeni. Ila kabonidioksidi na hewa zote hazina rangi, na hewa ikiingia kwenye bomba la sindano hakuna atakayeiona. Hapo ndipo nitakapokaa.

Mtungi wa gesi usiunganishwe moja kwa moja na katheta, yaani mrija mwembamba unaoingia kwenye ateri, hata siku moja! Una gesi nyingi yenye shinikizo kubwa. Koki moja ikigeuzwa vibaya, yote inamwagikia mgonjwa. Jaza kwanza mfuko laini wa plastiki kwa gesi safi ya kitabibu, uukamue wote, urudie mara 3, ndipo ujaze wa kutumia. Uache ulegee kidogo, usikaze kama mpira. Vuta gesi kupitia koki zisizorudisha nyuma. Bomba lililoachwa mezani koki ikiwa wazi limeshaingia hewa: limwage, anza upya, usibishane nalo.

Kisha katheta yenyewe. Ndani mna maji ya chumvi au damu. Ukisukuma mililita 20 kwa pupa, gesi inabanwa nyuma ya maji hayo, halafu inafyatuka yote kwa mkupuo. Mgonjwa anashtuka kwa maumivu, mguu unacheza, picha imeharibika, na lawama inatupiwa gesi. Sukuma kwanza mililita 3 hadi 5 polepole, njia isafike, ndipo upige picha.

Kwa ateri ya paja, mililita 10 hadi 20 zinatosha. Subiri dakika 2 au 3 kabla ya kurudia, gesi isijikusanye ikazuia damu. Na kwa kuwa hupanda juu, inua miguu nyuzi 15 hivi.

Mtasema chini ya goti picha hafifu. Kweli. Sogeza katheta karibu na palipoziba, weka nitrogliserini, dawa ya kutanua mishipa, mikrogramu 100, na ukikwama ongeza ayodini mililita 5 iliyozimuliwa. Mililita 5 si 100.

Muda unanibana. Usikimbilie gadolini, dawa nyingine ya picha, kwa mwenye figo zilizochoka sana. Inaweza kumkakamaza ngozi na viungo. Gesi isipigwe kwenye ateri zilizo juu ya kiwambo, msuli unaotenga kifua na tumbo, kwani haitakiwi kufika moyoni wala kwenye ubongo. Mwenye ugonjwa sugu wa mapafu, punguza kiasi na ongeza muda wa kusubiri. Presha ikishuka ghafla, acha kupiga, mlaze ubavu wa kushoto, kichwa chini.