Kostiki Ikipita Kooni
(Mazungumzo na kina mama watengeneza sabuni, Busia, Uganda)

Hamjambo kina mama, na nyinyi wazee wawili watatu mliojibanza huko nyuma. Nimeombwa niwaeleze habari za kostiki, ile caustic soda ya kupikia sabuni, na inavyomuumiza mtoto akiinywa, nikacheka, maana mnaijua kuliko mimi.

Basi nianzie kwenye sufuria yenu. Mkimwaga kostiki iliyoyeyushwa kwenye mafuta ya mawese, yanageuka sabuni. Ukuta wa koo la mtoto nao una mafuta na protini, na kostiki haibagui. Mafuta inayageuza sabuni, protini inaiyeyusha, nyama inalainika, yenyewe inazidi kuzama. Ukiigusa vidole vinateleza, sivyo? Utelezi ule ni ngozi yako mwenyewe.

Asidi ya betri ina tabia nyingine. Inaigandisha nyama ya juu ikawa kama kigaga, kinachoizuia kidogo isizame. Mara nyingi tumbo ndilo linaloumia zaidi. Asiniambie mtu kwamba hiyo ni afadhali. Tumbo likitoboka hakuna afadhali.

Sasa mtoto ameshakunywa. Bibi anakimbilia mafuta na mayai mabichi amtapishe, jirani anakuja na ndimu ya "kuua" kostiki. Wanafanya kwa mapenzi, najua. Lakini akitapika, moto unapita koo lilelile mara ya pili. Ndimu nayo ikikutana na kostiki inatoa joto, na joto hilo mnalijua: mkiikoroga kwenye maji tu, ndoo haishikiki. Msuuze mdomo, ateme. Mvue nguo zilizolowa. Usimlazimishe kunywa kitu. Chukua boda, na chupa uibebe.

Mdomo ukiwa safi usifurahi bado, koo linaweza kuwa limeungua chini huko. Tazama mate. Mtoto anayedondosha mate kwa sababu hawezi kuyameza, sauti imekwaruza, anapumua kwa mluzi, huyo asisubiri hata dakika. Hospitali wenye kamera ya kooni hupenda kuangalia ndani ya saa 24 hadi 48. Siku zikisonga ukuta unakuwa dhaifu, na mpira wa kamera wenyewe unaweza kuutoboa.

Kinachoniuma mimi ni wiki ya tatu. Mtoto yuko nyumbani, anacheza, majirani wameshasahau. Ndani kidonda kinafunga kwa kovu, na kovu hujikunja. Mama anakuja kuniambia, "Sista, posho, yaani ugali, imemshinda, anataka uji tu." Siku chache baadaye uji mzito unarudi. Kisha maji. Hapo tunaanza kulipanua koo kidogo kidogo, safari baada ya safari, wengine mwaka na zaidi. Wengine wanalishwa kwa mrija uliopitishwa tumboni. Na kovu hilo, miongo kadhaa baadaye, linaweza kuleta saratani.

Marekani kulikuwa na daktari wa koo, Chevalier Jackson, aliyechoka kuwatibu watoto wa namna hii. Alihangaika miaka mingi mpaka mwaka 1927 ikapitishwa sheria ya kuweka lebo ya sumu kwenye vifungashio vya kostiki. Sisi hapa tunaijaza kwenye chupa ya soda, tunafunga na kaveera, ule mfuko wa plastiki, tunaiweka chini ya kitanda.

Kabla ya maswali, ile chupa ya maji ya kunywa chini ya benchi, yenye kitu cheupe na haina hata alama, ni ya nani?