Breki ya Seli ya Ubongo: Chaneli za Potasiamu, Kujifunza na Degedege

REHEMA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Kaka Idi, leo uliahidi kutueleza ni nini hasa huituliza seli ya ubongo baada ya kushtuka.

IDI: Asante, Dada Rehema. Seli ya neva hushtuka pale sodiamu inapoingia kwa kasi, nayo hutulia pale potasiamu inapotoka kupitia chaneli zake, ambazo ni matundu ya protini kwenye utando wa seli. Hodgkin na Huxley walilieleza jambo hilo mwaka 1952, baada ya kupima neva nene ya ngisi.

REHEMA: Na kujifunza kunaingia wapi hapo?

IDI: Kwenye matawi ya seli, yale yanayopokea habari, na hapa ndipo ninapopapenda kuliko pote. Mwaka 1997 Dax Hoffman, Daniel Johnston na wenzao walionyesha kwamba katika hipokampasi ya panya, sehemu ya ubongo inayoshughulikia kumbukumbu mpya, chaneli za potasiamu za aina fulani huzidi kuwa nyingi kadiri tawi linavyokwenda mbali na mwili wa seli, hivyo umeme unaopanda kuelekea huko hufifia njiani. Baadaye ikaonekana kwamba sinapsi, yaani mahali seli moja inapopasha habari kwa nyingine, ikiimarishwa, chaneli aina ya Kv4.2 zilizo jirani nayo huvutwa kutoka kwenye utando na kuingizwa ndani ya seli, na mahali hapo huwa pepesi kuamka.

REHEMA: Yaani ubongo hulegeza breki pale tu penye somo, na kwingineko breki hubaki imekaza.

IDI: Naam, na ndiyo maana breki inapolegea kote huwa ni maradhi. Mtoto amezaliwa salama, ananyonya vizuri, kisha siku ya pili au ya tatu upande mmoja wa mwili unakakamaa, midomo inabadilika rangi, na homa hana.

REHEMA: Pwani ya kwetu wazee wangesema amepitiwa na dege, pepo mwenye umbo la ndege, na mama angehangaika usiku kucha kabla ya kufika hospitali. Siwalaumu, anayemwona mtoto katika hali hiyo hushika lolote lililo karibu.

IDI: Mara nyingi degedege la utotoni hutokana na homa, malaria ikiwemo. Hili ninalolisema ni tofauti. Mwaka 1998 lilihusishwa na jeni za KCNQ2 na KCNQ3, zinazotengeneza chaneli ambayo hufunguka polepole na kuizuia seli isirudierudie kushtuka. Ikipungua nguvu kwa takriban robo tu, inatosha kuleta degedege. Katika baadhi ya familia hukoma lenyewe baada ya miezi kadhaa; kwa watoto wengine jeni huharibika vibaya zaidi, na ukuaji wa akili huathirika.

REHEMA: Je, breki hiyo haiwezi kukazwa kwa dawa?

IDI: Retigabini ilifanya hivyo hasa, ikaidhinishwa mwaka 2011, lakini iligeuza ngozi ya baadhi ya wagonjwa kuwa na rangi ya buluu na kubadilisha rangi ya retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ikaondolewa sokoni mwaka 2017. Watoto wengi wa kundi hili husaidiwa vizuri na kabamazepini, dawa ya zamani ambayo haigusi potasiamu bali huzuia sodiamu.

REHEMA: Mama anayetusikiliza afanye nini?

IDI: Amlaze mtoto ubavu, asimtie kitu mdomoni, amwahishe hospitali, na kama yupo wa kumsaidia, arekodi kwa simu, maana daktari atataka kujua ni upande gani ulioanza kukakamaa.