Fundi, Karatasi ya Nozo Iko Wapi?

Asanteni, mafundi wenzangu wa mashine za kuprinti mabango, kaeni. Wanaonifahamu wanajua naanza na swali lile lile kila mwaka: fundi, karatasi ya nozo iko wapi? Ile ya jaribio, inayoonyesha kama kila nozo, yaani kila kitundu cha hedi, kichwa cha kuprintia, kinatoa wino. Kutwa napigiwa simu: "Bango linatoka na mistari, nimeshasafisha hedi mara tano." Mara tano! Nikiuliza jaribio la nozo linaonyesha nini, kimya. Mtu anatibu mgonjwa ambaye hata hajamwangalia.

Niliitwa duka moja la mabango pale Kariakoo. Mashine ya wino wa eko-solventi, hedi ya aina ya DX5, ile yenye safu 8 za nozo 180, jumla 1440. Kijana anasafisha tangu asubuhi, jasho linamtoka. Nikainama kutazama chupa ya wino mchafu, unakoishia wino unaofyonzwa wakati wa kusafisha. Kavu! Sasa ndugu yangu, kama umesafisha siku nzima, wino umekwenda wapi? Hakunijibu.

Nikamwambia aprinti jaribio mara tatu mfululizo bila kusafisha katikati. Tukazipanga karatasi mezani. Ya kwanza, sayani, ile samawati, imekosa vistari kadhaa upande wa juu. Ya pili, vya juu vimerudi, vimepotea vya katikati. Ya tatu, vya chini. Hapo ndipo pa kusoma, jamani. Pengo lisilohama ni nozo iliyoziba au iliyokufa. Pengo linalohamahama ni wino usiofika sawasawa: hewa kwenye dampa, kile kijifuko cha wino juu ya hedi, au kifuniko ambacho hedi hupumzikia na pampu yake ya kufyonza havifanyi kazi. Nikadondosha dawa ya kusafishia ndani ya kifuniko, nikaiwasha pampu. Dawa ikatulia tuli kama chai kwenye kisahani. Mrija wa chini ulikuwa umeziba kwa wino mkavu. Tukabadilisha kipande cha mrija, hedi ikabaki ile ile. Na huyo bwana alikuwa ameshaulizia bei ya hedi mpya!

Najua mtaniambia, "Mwalimu, kwetu umeme ndio unaoua hedi." Sikatai. Umeme ukikatika katikati ya kazi, hedi inaganda pale relini, nozo wazi, wino unakauka. Ndiyo maana nawapigia kelele mnunue UPS, ile betri ya akiba, siyo ya kumalizia bango, ya kukupa dakika za kuirudisha hedi kwenye kifuniko. Lakini umeme haukuzuii kufuta ukingo wa kifuniko kila jioni kwa kijiti cha sponji. Hilo ni uvivu tu, msinikasirikie.

Kuna mistari ambayo hedi haihusiki nayo kabisa. Nozo zote zipo, bado bango lina mistari? Tazama rangi ya mstari. Mweupe, fleksi, lile turubai la bango, inavutwa mbele kupita kiasi. Uliokoza, inavutwa kidogo na mapito ya hedi yanapandana. Rekebisha hatua ya kuvuta, na urudie kila unapobadilisha roli.

Rangi sasa, na naona mwenyekiti ananionyesha saa. Ile bluu ya sare ya kamati ya send-off inayotoka zambarau: mashine haina kosa. Faili limekuja RGB, rangi za mwanga wa kioo cha kompyuta, siyo za wino, na bluu inayowaka kwenye kioo haipatikani kwa kuchanganya sayani na majenta, ile pinki iliyokoza. Punguza majenta. Anzia sayani asilimia 100, majenta 60, printi vipande vidogo vidogo kwenye fleksi ile ile, uvitoe nje juani ambako bango litaning'inia, mteja achague mwenyewe. Taa ya dukani muongo. Na profaili ya stika, yaani mpangilio wa rangi uliowekwa kwa stika, ibaki kwa stika.

Herufi zenye kivuli nilitaka kuzisema, muda hauniruhusu. Nitafuteni wakati wa chai. Wewe wa nyuma uliyenyoosha mkono tangu mwanzo, unasema mashine yako inakula nyeusi? Sawa. Karatasi ya nozo umekuja nayo?